Laptopu Nzito Niliyoipeleka Butiama

Laptopu yangu ya kwanza ilikufa nikiwa katikati ya kuingiza alama za kidato cha pili. Kioo kilipiga mistari ya kijani, kikawa cheusi, na fundi aliyeifungua akaniambia kwa upole, kama daktari, kwamba tusihangaike nayo tena.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Jiografia, naishi Makoko, hapa Musoma, na kazi zangu za kompyuta si za ajabu. Natunga mitihani, naingiza alama, nawaonyesha wanafunzi video za volkano na barafu, vitu ambavyo siwezi kuwapeleka wakavione. Lakini mwaka ule nilikuwa na kazi nyingine. Mama, aliyebaki na ng'ombe wake wachache kwenye mji wetu kule Butiama, alikuwa ameanza kusahau. Angeweza kukuuliza mara mbili kama umekula. Ila mambo ya utoto wake alikuwa nayo yote, na nilikuwa nimeamua kuyaandika kabla nayo hayajaanza kupotea. Kwa hiyo nilihitaji laptopu haraka, na mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu: mdogo wangu wa kiume, anayechora ramani za nyumba Bunda.

"Dada, usinunue kabla ya kuuliza habari ya grafiksi," aliniambia kwenye simu. "Uliza kama ina kadi yake yenyewe."

"Kadi ya nini tena?"

Akanieleza. Kila kompyuta ina sehemu inayochora kile unachokiona kwenye kioo. Katika nyingi, sehemu hiyo imo humo humo ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na inaazima kumbukumbu ya kompyuta nzima. Katika nyingine ni kadi ya pembeni, ina kumbukumbu yake na feni yake. "Ile ya ndani ni sawa na mtu anayepika kwenye jiko la jirani," alisema. "Hii nyingine ina jiko lake. Chukua yenye jiko lake."

Jumamosi nikaenda kwenye duka moja dogo Mwisenge. Muuzaji alikuwa dada wa makamo, anauza na kutengeneza mwenyewe, na kabla hajanionyesha chochote aliniuliza, "Mwalimu, unafanyiaga kazi gani?"

Nikamwambia yote, mpaka habari za mama. Akaweka laptopu mbili juu ya meza ya kioo. Moja nyembamba, ya kijivu. Nyingine pana, nyeusi, vitufe vyake vinawaka taa nyekundu kwa chini.

"Hii ya kijivu inakutosha kabisa," alisema. "Grafiksi yake iko ndani, hailagi umeme mwingi. Video itacheza, alama utaingiza. Ile nyeusi ina kadi ya pembeni. Ni ya watu wa ramani, wa kuhariri filamu, wa magemu. Wewe utabeba tu uzito."

Nikampigia mdogo wangu pale pale. Aliponisikia nikitaja hiyo nyeusi, sauti yake ilibadilika. Akaomba azungumze na muuzaji, akamuuliza maswali mengi, kisha akarudi kwangu. "Chukua hiyo, dada. Hiyo hiyo. Usije ukajuta."

Siwezi kumsingizia mwenye duka. Muuzaji alinishauri vizuri na nikamsikia vizuri. Lakini nilikuwa nimejinyima muda mrefu kupata akiba ile, na moyoni nilitaka kitu kikubwa, kitu ambacho nikikifungua kwenye ofisi ya walimu watu watageuza shingo. Nikanunua nyeusi.

Waligeuza shingo kweli, siku mbili tatu. Baada ya hapo nilibaki nayo mwenyewe. Chaja yake peke yake ilikuwa na uzito wa tofali, na alama za wanafunzi ziliingia kwa mwendo ule ule wa vidole vyangu.

Ikaja likizo fupi ya katikati ya muhula. Nikapanda gari la Butiama, nikashuka, nikatembea ile njia ya kwenda kwa mama nikihamisha begi bega hili na bega lile. Umeme wa nguzo haujafika kwa mama. Ana sola ndogo ya kuwasha taa na kuchaji simu, basi. Mimi nilikuwa nimechaji laptopu ikajaa, nikaona hilo halina shida.

Asubuhi iliyofuata, baada ya kukamua, mama akakaa kwenye kiti chake sebuleni. Nikafungua laptopu mezani, nikaweka na simu kando yake irekodi sauti, ili nikiachwa nyuma kwenye kuandika niweze kusikiliza baadaye. Akaanza. Alikuwa msichana wa miaka kama tisa, njaa imeingia, na bibi, yaani mama yake, akaamua kwenda naye Mugango kubadilisha mtama kwa samaki wakavu. Walitembea tangu kungali giza. Akaniambia mzigo ulivyofungwa, majani gani waliweka miguuni chini ya kamba za viatu, nani walimkuta njiani akawanyima maji.

Laptopu ikaanza kuvuma. Mama akaigeukia.

"Hiyo inalia nini?"

"Feni, mama. Inajipooza."

"Imefanya kazi gani mpaka ipate joto?"

Nikaiinua kidogo ipate hewa. Akaendelea, akipandisha sauti kidogo kuishinda ile feni. Wakafika juu ya kilima cha mwisho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaliona ziwa. "Nilidhani mbingu imeanguka chini," alisema. "Nikamshika mama nguo, nikamwambia turudi, huko mbele dunia imekwisha. Basi mama akanijibu—"

Kioo kikazima. Betri ilikuwa imekwisha, hata saa mbili hazijatimia.

Mama aliiangalia, akacheka. "Imechoka kabla yangu." Nikakimbilia kalamu na daftari, lakini nilipokaa tena alikuwa amesimama mlangoni anaangalia ndama, na aliporudi hakukumbuka tulipofikia. Akaanza habari ya harusi ya dada yake. Nikamuuliza bibi alimjibu nini pale kilimani. Akakunja uso, akitafuta. "Alinijibu kitu," alisema. "Kilikuwa kitu kizuri."

Mchana nikasikiliza rekodi ya simu. Feni ilikuwa imelala juu ya sauti ya mama yote, kama mashine ya kusaga iliyo nyumba ya pili. Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe la kuanikia nguo, na nilikasirika hasira ambayo sijui ilikuwa juu ya nani. Nikaamua ni juu ya mdogo wangu.

Kesho yake nikapanda gari la Bunda bila kumwambia. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Ofisi yake ni chumba kimoja karibu na stendi. Nilimkuta na wateja, mzee mmoja na mkewe, watu wazima, wamevaa nguo zao za kanisani kana kwamba wamekwenda kupiga picha. Mdogo wangu alinikaribisha kwa macho tu. Alikuwa anajaribu kuizungusha nyumba yao kwenye laptopu yake, nyembamba, ya kijivu, inayofanana sana na ile niliyoikataa Mwisenge. Alikuwa ameinunua mwaka uliotangulia. Nyumba ikageuka robo, ikakwama, kioo chote kikawa cheupe.

"Subirini kidogo, mzee," alisema.

Tukasubiri. Akaizima, akaiwasha, ikakwama tena pale pale.

"Mimi nilitaka kuona kitu kimoja tu," mke wa yule mzee alisema taratibu. "Nikiwa jikoni, nitaiona njia?"

Mdogo wangu alichukua penseli akaanza kumchorea kwenye karatasi. Mama yule akaiangalia ile karatasi kwa adabu, lakini ilionekana haimwambii kitu. Mzee akasema gari la kwao litawaacha, watarudi siku nyingine. Walipotoka, mdogo wangu alibaki ameinamia vitufe, anabonyeza kimoja hicho hicho.

Maneno yangu yote ya njiani yalikauka. Nikalifungua begi, nikaiweka ile nyeusi mezani kwake, nikachomeka chaja ukutani.

"Programu yako unayo kwenye flashi?" nikamuuliza.

"Ninayo."

"Iweke humu. Mimi naenda kuwarudisha."

Nikakimbia stendi, mwalimu mzima, na sketi yangu ya safari. Gari lao lilikuwa bado halijajaa. Mzee alisita, mkewe akashuka kabla hajamaliza kusita. Kuingiza programu kulichukua muda. Nikawanunulia chai na maandazi, tukaongea habari za mvua. Kisha nyumba ikatokea kwenye kioo kile kipana, na mdogo wangu akaigusa kwa kidole, ikageuka. Ikageuka mbele, ubavuni, nyuma. Akaingia mlangoni, akapita sebuleni, akasimama jikoni.

"Hapo," yule mama akasema. "Simamisha hapo. Dirisha lisogee huku. Tena kidogo." Akainama karibu na kioo. "Eee. Nitamuona kila anayekuja."

Feni ilikuwa inavuma kwa nguvu kuliko hata kule Butiama. Hakuna aliyeisikia.

Walipoondoka, wakiwa wamekubali ujenzi uanze, mdogo wangu hakuinua macho. Nikakaa kwenye kiti cha wateja.

"Siku ile ya Mwisenge," nikamwambia, "ulikuwa unanichagulia mimi?"

Akacheka kidogo, akajifuta uso. "Dada, nilikuwaga naiwaza kila siku kompyuta kama hiyo. Ulipotaja tu, nikaona angalau mmoja wetu aipate. Sikufikiri unaenda kufanyia nini. Nisamehe."

"Na hiyo yako, betri inakaaga muda gani?"

"Hiyo? Ukiwa unaandika tu, inakaa kutwa. Kama umeiwasha, husikii hata."

Nikaivuta kwangu ile ya kijivu. Tukabadilishana pale pale. Alihamisha michoro yake, mimi nikahamisha mitihani yangu, na tofauti ya bei tukaimaliza kwa yeye kubeba gharama za safari za kliniki za mama mpaka mwisho wa mwaka. Jioni ile nilirudi Musoma na begi jepesi hadi nikalifungua njiani kuhakikisha sijasahau kitu.

Sasa ni mwaka na nusu. Mdogo wangu ameajiri dada mmoja wa kumsaidia kupima viwanja, na nikipita Bunda hunionyesha kwa kidole mabati mapya yanayong'aa: hii yetu, ile yetu. Laptopu ya kijivu, yenye grafiksi yake ya ndani, imefanya kila nilichoiomba. Volkano zinalipuka darasani bila kukwama. Kwa mama inakaa wazi asubuhi nzima, kimya, na akichoka yeye tunaacha.

Alichojibiwa pale kilimani hajakikumbuka mpaka leo, na nimeacha kumsumbua nacho. Nimeacha nafasi tupu kwenye ukurasa. Lakini amenipa mengine ambayo sikujua hata kuyauliza, na siku hizi ameanza kupenda nimsomee yaliyoandikwa. Wiki iliyopita nilikuwa nasoma habari ya kurudi kwao kutoka Mugango, akanisimamisha kwa mkono.

"Umekosea hapo. Hatukupita mtoni. Mto ulikuwa umejaa, tulizunguka."

"Mlizungukia wapi, mama?"

Akasogeza kiti chake karibu na meza, akaanza kunionyesha njia.