Jembe na nyumba kwenye skrini ya maji

Leo bibi mmoja kaniambia nigeuke, apige kura yake kwa siri.
Kura ya nini? Mimi nilikwenda kujaribu mashine ya maji.

Kamati ya maji ya kijiji cha Kwedizinga inataka mashine ya kuchotea maji kwa kubonyeza, ikaniambia nilete mfano kwanza. Wazee wakiuelewa, kazi ni yangu. Wasipouelewa, inakwenda kwa watu wa Dar wenye vyeti. Mimi cheti sina, nimejifundisha mwenyewe.

Basi nikakata skrini ya boksi, nikachora vitufe viwili. Nyumba, maji ya nyumbani. Jembe, maji ya shamba.
Nani asielewe hapo?

Bibi Mwanahamisi akaitazama weee.
"Wagombea wenyewe wako wapi, mjukuu wangu?"
"Wagombea gani, bibi?"
"Si jembe na nyumba hizi? Enzi za Ujamaa mgombea mmoja alipewa jembe, mwenzake nyumba, ndivyo tulivyochagua mbunge. Hebu geuka huko."

Wazee saba nyuma yake, wote saba wakaafiki. Mmoja akaongeza kwamba yeye aliwahi kugombea, nyumba ikamwangusha.

Nimezaliwa juzi, ningejuaje? Semeni kweli, nyie mngejua?

Nikageuza boksi, nikachora upya palepale: ndoo na mahindi.
Bibi akabonyeza ndoo bila kuuliza. Kisha akatega ndoo yake chini ya boksi, akasubiri.
"Mbona hayatoki?"

Mwenyekiti wa kamati alicheka mpaka akakaa chini.
"Kijana, kalete mashine yenyewe, ya chuma. Kazi ni yako."