Moshi Uliofika Mwisho

Mtu aliyenifundisha kuonja wiski hakuwahi kumeza hata tone moja. Alikuwa Mprotestanti wa kushika dini: alionja, akatema, akasuuza kinywa. Amefariki juma lililopita huko Mwene-Ditu, Kasai, na binti yake amenipigia simu kunieleza ombi lake la mwisho. Azikwe Mutoshi, kando ya baba yake, karibu na Kolwezi, mji uliomfukuza.

Alikuwa mtunza vinywaji wa klabu ya wahandisi hapa Kolwezi, nami karani wa ofisi ya jirani. Kazi yake ilikuwa kukamata udanganyifu, maana siku hizo chupa tupu za wiski ya Scotland zilijazwa lutuku, ile pombe kali ya mahindi, ikatiwa rangi ya chai na kuuzwa tena. Siku moja ikaja chupa ya aina asiyoijua. Alitema upesi. “Lutuku hii! Inanuka moshi. Munazania mi niko mutoto?” Akaimwaga yote kwenye sinki, mbele ya mhandisi wa Kizungu aliyeinunua kwa sikukuu yake. Mzungu alicheka hadi machozi, kisha akaeleza kwamba huko inakotoka shayiri hukaushwa kwa moto wa udongo mkavu wa kinamasi, na moshi wake hubaki. Kesho yake akaleta nyingine. Rafiki yangu alitia matone mawili ya maji, akanusa, akaonja polepole, akanipa nami. Asali kwanza, kisha ganda la limau. Moshi ulifika mwisho, mwepesi, kama wa moto uliozimika jana. Akawaita wahudumu wote. “Jana nilikosea mbele yenu, leo naitika kosa mbele yenu. Haikukuwa lutuku.” Mmoja akamtania kama mwana kwa baba yake, “Tata, na ile yenye ulimwanga?” Akajibu bila kutabasamu, “Sinki ililewa.”

Miaka michache baadaye mgodi uliporomoka, mishahara ikakoma, na wanasiasa wakatuonyesha wa kulaumiwa: watu wenye asili ya Kasai. Yeye alizaliwa Mutoshi. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba madini. Vijana walisimama mlangoni pake wakipiga kelele, “Mukasai, treni inakungoja!” Akanigeukia. “Tata, weye unanijua. Ubaambie kwenye nilizaliwa.” Nilijua. Nikatazama viatu vyangu. Alikaa majuma kadhaa kituoni na familia yake, juani na mvuani, mpaka treni ikawachukua kwenda Kasai.

Nimeandika mengi juu ya kuanguka kwa mgodi, lakini hili sijawahi kuliandika. Tulimhukumu mtu kwa harufu ya ukoo wake, kama yeye alivyoihukumu ile chupa; ila kosa lake halikudumu zaidi ya usiku mmoja. Kosa lililotendwa mbele za watu hukiriwa mbele za watu hao hao. Kwa hiyo Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa mtaa, ambaye alikuwa mmoja wa vijana wale, kuomba kibali cha maziko. Nikamwambia marehemu alizaliwa Mutoshi, na kwamba nililijua hilo siku ile. Alinisikiliza, akafunga daftari lake, akasema atafikiri. Leo ni Alhamisi. Mwili ungali Mwene-Ditu.