Pampu Yangu na Kisima cha Munje

Hata sasa nikikumbuka, masikio yanapata moto. Lakini mmeniuliza kwa nini mimi, Zena wa Tanga, mwenye nyumba yenye bomba kila chumba, nachota maji kwa ndoo na kamba kama marehemu bibi yangu. Haya, nitasema, na mwenye kutaka kucheka acheke mapema tumalize.

Nyumba yenyewe iko Munje, huku Msambweni. Niliiona nilipokwenda harusini, nyumba ya kale ya mawe na chokaa, madirisha yameoza yote, na moyo ukaniambia hii ni yako (moyo wangu una maradhi hayo, ndiyo maana nina cherehani tatu na sijui kushona). Mimi si Mkenya, kwa hiyo wakili akaniandikia mkataba wa kupanga wa miaka tisini na tisa, ndivyo sisi wageni tunavyonunua huku, na kwa mwaka mzima nikawa mtu wa kuvuka mpaka na mabegi ya vitasa, bawaba na vigae, mpaka maafisa wa pale wakanijua kwa jina. Nia yangu ilikuwa kupangisha wageni waliochoka na hoteli za Diani. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa ndani ya kuta zile.

Uani kulikuwa na kisima. Jamani, kisima kile! Bahari unaisikia pale pale nyuma ya minazi, lakini ukichota unapata maji matamu, baridi, hujui yametokea wapi. Mtaa mzima ulichota pale, na aliyeniuzia nyumba alinisihi nisiwafungie watu, nikakubali. Aliyechota zaidi ni jirani yangu Bi Mwanasiti, muuza chai na mahamri, na ndiye aliyeniambia siku ya kwanza, "Mwanangu, hapa twachota kwa ndoo, na jua likiwa utosini twakiacha kipumzike. Mashine hakitaki."

"Naam, mama," nikamwitikia kwa adabu zote, na moyoni nikasema, kumbe kisima nacho hulala mchana?

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu. Siku ya kufungua nyumba nilitaka wageni wafungue bomba waone maji yanavyoruka, sifa ziende mpaka Tanga. Basi nikavusha pampu, na si pampu ya nyumbani, pampu ya kumwagilia mashamba (ilikuwa dukani peke yake, ikaniangalia), fundi akaifunga huku akinung'unika, na ikanguruma tangu alfajiri hadi adhuhuri. Tangi likajaa, mapipa yakajaa, nikafungulia maji yaoshe ua wote, na kwa nini nisifungulie, maji si yangu?

Watu wakaja, ukumbi ukajaa, shehe wa mtaa akasoma dua, wali ukaliwa (ulipikwa kwa maji ya jana yake, hapo Mungu alinisitiri). Ikabaki chai. Nilimwomba Bi Mwanasiti aipike kwa maji ya bomba, na alipotaka kuionja nikamwambia, "Mimina tu mama, watu wanangoja."

Shehe akapiga funda moja. Akameza kwa kazi, akasema, "Maashaallah, chai ina... ina nguvu." Wazee nao wakanywa kimya kimya, maana watu wa huku wana adabu kupita kiasi, na wangemaliza birika zima kama si shangazi yangu niliyekuja naye kutoka Tanga, mtu ambaye hajapata kuficha jambo tangu azaliwe. Akaitema kwenye vigae vyangu vipya.

"Zena! Hii chai au mchuzi wa samaki?"

Hapo ningenyamaza. Lakini wapi, nikageuka mbele ya ukumbi mzima nikasema kwa sauti, "Bi Mwanasiti, umetia chumvi ukidhani sukari?" Mama wa watu, anayepika chai tangu mimi sijazaliwa! Alikwenda jikoni, akafungua bomba, akaniletea glasi ya maji matupu.

"Kunywa, mwanangu."

Nikanywa. Yalikuwa maji ya bahari.

Kabla sijapata pa kuficha uso, wageni waliokwenda kutawadha msikitini, ukuta kwa ukuta na mimi, wakarudi wakisema kisima cha huko nacho kimeingia chumvi. Nilikuwa nimewaalika watu kwangu na kuwaharibia maji siku hiyo hiyo.

Bi Mwanasiti aliizima pampu mwenyewe, akaniita nichungulie kisimani. "Haya matamu yamekaa juu ya maji ya bahari," akasema, "kama malai juu ya maziwa. Ndoo yachukua ya juu. Mashine yako imefyonza mpaka ikayapandisha ya chini."

"Yatarudi, mama?"

"Mimi sijui. Hatujapata kuyafanyia hivi."

Jibu lile lilinitisha kuliko matusi. Shangazi akarudi Tanga peke yake, mimi nikabaki, na kila asubuhi nikasukuma mkokoteni wa madumu mpaka kisima cha mbali, huko juu karibu na barabara, nikawagawia majirani maji nikianzia kwa Bi Mwanasiti, ambaye alipokea bila kunitazama. Mahamri alikuwa akipika nusu tu. Mchana nilikaa ukingoni mwa kisima nikichungulia, na ndipo nikaona jambo linalonisisimua mpaka leo: maji yalikuwa yakipanda na kushuka. Nikatia alama ya chokaa ukutani. Bahari ikijaa, kisima kinapanda polepole. Bahari ikipwa, nacho kinashuka. Mfereji hakuna, ni mwamba mtupu. Mimi niliyedhani nimenunua kisima, kumbe nilikuwa nimekaa juu ya bahari nzima iliyoyabeba maji matamu juu yake bila kuyachafua, tangu enzi asizozijua mtu, na majirani zangu walikuwa wakilijua hilo kwa ndoo na kamba tu. Nikasema subhanallah, peke yangu, mkono mdomoni.

Mvua ikaja ikanyesha siku kadhaa. Ilipokatika, Bi Mwanasiti akateremsha ndoo taratibu, haikutoa hata sauti, akaonja. Akaenda kuchemsha chai, akamwita shehe na wazee wale wale, wakakusanyika uani kwangu. Kikombe cha kwanza akanipa mimi.

"Onja wewe," akasema. "Safari hii ikiwa na chumvi, nimeitia mimi."

Ilikuwa tamu, nikakiweka kikombe chini. Nikamwomba radhi mbele ya wote, kwa sauti ile ile niliyomwaibishia.

"Yamekwisha," akasema. "Kunywa, itapoa."

Mashine kisimani sitii tena, wala mtu simkatazi kuonja chai aliyoipika. Pampu nimeirudisha Tanga. Afisa wa mpakani akauliza, "Leo tena, Bi Zena? Ndani ya boksi mna nini?" Nikamwambia, "Aibu yangu, mwanangu." Akacheka, akanipitisha.