Mnunuzi Asiyetazama Kwato

Nakumbuka siku moja, kabla meno haya hayajaanza kunihama, nikiwa bado napakia punda mwenyewe, alikuja mnunuzi bomani kwetu, nje ya Garsen. Mgeni njoo mwenyeji apone. Nikakimbilia kumtilia chai.

Tulikuwa na punda jike wa asili yetu: mdogo, wa kijivu, msalaba mweusi mabegani, milia miguuni. Wazee husema asili yao ni punda mwitu wa upande wa Somalia, na kwamba walishuka na babu zetu wakibeba miti ya nyumba. Kiu haimtishi, na mto ukifurika anajua njia ya kupanda juu. Watu husema asante ya punda ni mateke. Mimi teke lake sijalionja.

Mgeni alimsifu sana. Akampapasa shingo, akampapasa mbavu, akaivuta ngozi kwa vidole. Nilifurahi, mwanangu. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akisuka mkeka, hakufurahi.

"Baba," akamwambia, "kwetu punda hauzwi kabla hajapakiwa. Chukua madumu, mpeleke mtoni, urudi naye."

"Mama, hakuna haja. Nawaamini."

"Hata mzigo anaoweza kubeba hujauliza?"

Akacheka, akatazama saa. Mama mkwe akanivuta kando. "Wewe mtoto, unamtilia chai nani? Huyu hajatazama kwato wala meno. Kama hataki mgongo, anataka nini kwa punda?"

Nikaona haya. Mgeni akaondoka bila punda, akaenda kwa jirani yetu Hawa, mjane, akanunua punda wake wote wawili, wa milia vilevile. Baadaye wachungaji waliwakuta vichakani, nyama imeachiwa fisi, ngozi haipo. Tangu hapo Hawa alibeba maji mwenyewe hadi mgongo ukapinda. Nililia, maana hata mimi ningeuza.

Sasa wanakuja wengine, na pikipiki na maneno matamu. Mwanangu, anayetaka kitu chako muulize atakitumiaje, kisha tazama mkono wake unashika wapi. Usione haya kushuku. Haya haitakuchotea maji. Ukilazimika kuuza, muuzie aliyekubali kupakia. Na hawa wa milia washikeni sana, wakiisha hakuna soko la kuwarudisha.

Mungu akupe macho yanayoona, boma lako lisikose mlio wa punda alfajiri, na mgongo wako usije ukabeba mzigo wake.