Aliyezikwa Kisoko Akiwa Hai

Mwaka huu Matayo Ofwono haombi dawa tena, anaomba udongo. Anataka alazwe Kisoko, kijiji cha Uganda alikotoka baba yake, si katika makaburi ya mji wa Busia anakozikwa kila mpita njia. Shida ni kwamba hajawahi kufika Kisoko. Baba yake, Ofumbi, alivuka kwenda Kenya akiwa kijana, akafanya kazi ya reli, akaoa Msamia, na mpaka anafumba macho hakupenda kuwataja ndugu zake. Alisema jambo moja tu: aliwahi kurudi kwao, wakamfukuza.

Goretti, binti wa Matayo, hupitisha mizigo forodhani. Kutwa huwauliza madereva wametoka wapi, lakini ukoo wake mwenyewe hakuwahi kuuulizia. Jumapili moja alikwenda Kisoko, akasubiri watu watoke kanisani, akauliza nani alipotelewa na Ofumbi huko Kenya. Wakamwambia hakuna aliyepotea. Yupo Ofumbi mmoja, baba mdogo wa mzee Rasto, lakini huyo ni marehemu wa zamani na kaburi lake lipo.

Rasto alimpeleka mwenyewe. Kaburi lilikuwa pembeni ya uwanja wa nyumba yake, limepaliwa vizuri, na msalaba wa saruji. Goretti alisoma mwaka uliochorwa pale. Wakati huo Matayo alikuwa hajazaliwa.

"Mwili aliuleta nani?" aliuliza.

"Mwili gani?" Rasto alicheka. "Kenya ilikuwa imemeza mtu. Zilikuja habari kwamba treni imemkanyaga. Tukakata mgomba, tukauvalisha shati lake, tukalia, tukazika. Mtu asipolazwa kwao, watoto hawaponi."

Mama yake Rasto, Nyadoi, alikuwa akibambua karanga mlangoni. Kiswahili chake ni cha soko la Malaba.

"Na bado ile mzimu ilisumbua," alisema. "Jioni moja, mvua, nikaona yeye anasimama kwa njia, na koti ndefu, anaita mama yake. Sauti yake kabisa. Tukamwagia yeye jivu, wanaume wakapiga debe mpaka akakwenda. Hakurudi tena. Sisi si watu ya kuchezewa."

"Mwambie alivyoanguka kwenye tope," Rasto alisema.

"Alianguka, akaokota kofia. Mzimu na kofia!"

Wakacheka wote wawili. Ilionekana ni hadithi waliyoizoea.

Goretti hakucheka. Akinyamaza, baba yake atakuwa mtoto aliyezaliwa na maiti, na hakuna ukoo utakaompokea. Akisema, atawanyang'anya marehemu wao.

"Nyanya," alisema, "yule alikuwa mzima. Alikufa mimi nikiwa shule ya msingi. Alikuwa akinibeba mgongoni."

Mikono ya Nyadoi ikasimama. Alimtazama Goretti usoni, kisha miguuni, kisha akamwita karibu na kumshika kiganja. Alikishika kwa muda mrefu.

"Iko moto," alimwambia mwanawe.

Rasto alikuwa amegeukia kaburi. "Sasa hapa tunampalilia nani?"

Kuku alipita juu ya karanga na hakufukuzwa.

"Mama yake Ofumbi alikuwa ndani," Nyadoi alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Alisikia. Alisema, huyo ni mtoto wangu, niacheni nitoke. Tulimshika."

Aliokota karanga moja, akaiweka chini.

"Leta baba yako. Akilala, atalala hapa. Lakini kama anakuja mzima, akuje mchana, na asisimame kwa njia. Apite moja kwa moja mpaka ndani."

Goretti alirudi Busia jioni ileile. Matayo alikuwa macho, ameegemea ukuta, akimngoja.

"Wamekubali?"

"Wamekubali, baba. Wanakungoja."

Mzee alifumba macho. Goretti alidhani amesinzia.

"Na yeye," Matayo aliuliza, "walisema walimfukuzia nini?"

"Hawakumfukuza. Ilikuwa mvua, giza linaingia. Hawakumtambua."

"Hata mama yake?"

Goretti aliinuka kufunga dirisha, akachelewa hapo na komeo.

"Mama yake hakuwa nyumbani," alisema.