Mpaka Makinda Waruke

Mume wangu Chileshe hakusema uongo hata neno moja. Naanza na hilo kwa sababu watu wa kambi bado wanasema alidanganya ofisini, na mimi niliyedhulumiwa ndimi mwenye haki ya kuwasahihisha. Alisema ukweli, na kwa ukweli huo alikaribia kunimwaga nje kama maji yaliyooshewa samaki.

Nilizaliwa Kasenga, kando ya mto Luapula, nikaitwa Nkandu. Dada yangu mkubwa alikuwa Kalaba. Yeye ndiye aliyeolewa na Chileshe, na jina lake ndilo lililoandikwa Elisabethville katika kitabu cha kambi ya wafanyakazi, Chileshe alipopata kazi kwenye tanuru la shaba. Kalaba alirudi kwetu kujifungua, akafa pamoja na mtoto. Kwetu, ukoo ukitoa mke na mke akafa, ukoo unatoa mwingine. Wazee walinikalisha juu ya mkeka wa marehemu, wakanifunga shanga zake kiunoni, wakasema kuanzia leo wewe ni Kalaba. Hawakusema nitakaa mahali pake. Walisema ni yeye. Na mwanamume aliyekwisha kupewa mrithi hasemi tena kwamba mke wake amekufa. Akisema, amemwua mara ya pili.

Nilipanda lori la samaki nikafika kambini. Karani akaita Kalaba, nikaitika. Niliitika hivyo miaka kumi na minane.

Sikumzalia mtoto. Mimba mbili zilitoka, ya tatu haikuja. Chileshe hakunipiga, hakunitukana. Alianza tu kutazama watoto wa majirani kama mtu mwenye njaa anavyotazama sufuria ya wengine.

Mwaka wa 1949, mvua za kwanza zilipopiga, mbayuwayu wawili walikuja kujenga juu ya mlango wetu, chini ya paa, pale wanapojenga kila mwaka. Sisi tunawaita kamimbi. Walichukua matope kando ya robine, bomba tulipochota maji wanawake wote wa mstari wetu wa nyumba, donge moja moja, mpaka kiota kikawa kama nusu ya kikombe kilichobandikwa ukutani. Na ni hapo kwenye robine, siku mayai yalipoanguliwa, Marceline, mke wa Clovis karani, aliponiambia huku akitazama ndoo yake:

"Mama Kalaba, mu kitabu ulishakufa."

Marceline ni Muluba, na Waluba hawachoki kututania sisi wa Luapula. Nikamjibu kwamba basi ndiyo sababu wanasema tunanuka. Hakucheka. Alinieleza haraka, kabla ndoo haijajaa. Chileshe alikwenda ofisini wiki moja nyuma akasema bibi yake Kalaba alikufa Kasenga katika kujifungua. Mwaka hakuutaja, na Clovis hakuuliza. Clovis akaandika: mgane. Chini yake akaandika Nkandu, dada wa marehemu, mgeni wa siku thelathini. Mgeni akiisha kuondoka, Chileshe atafunga ndoa kanisani na Honorine, binti aliyelelewa na masista, anayejua cherehani. Kambi inampa mtu mmoja nyumba moja na mke mmoja. Honorine ni mtoto wa dada yake Clovis.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini, nguo zikiwa bado na maji. Clovis hakupandisha sauti.

"Mama, Kalaba alizikwa ao hakuzikwa?"

Kaburi lile nililifagia kwa mikono yangu. Nikasema alizikwa.

"Na wewe, mama yako alikuita nani?"

Nikasema Nkandu. Akafunga kitabu. Nilitaka kumwambia habari ya mkeka na shanga, lakini yeye alizijua, na bwana wa kambi hakuzijua wala asingezijua. Bwana yule alikuwa mgeni, amekuja mwaka huohuo kutoka mgodi mwingine, na kwake wanawake wote wa mstari wetu tulikuwa kitambaa kimoja.

Chileshe alirudi kazini alasiri, akanikuta nafua kwenye barza. Alisema nimekuwa nikitamani kumwona mama, basi lori la samaki litaondoka Ijumaa. Alisema kwa upole, kama zawadi. Nilimwonyesha kizingiti. Vipande vya maganda ya mayai vilikuwa hapo, vyeupe vyenye madoa, vimeanguka asubuhi ileile.

"Mama yangu alisema," nikamwambia, "mwanamke akitolewa mu nyumba yenye makinda ya kamimbi mlangoni, nyumba ile haitasikia tena mutoto akilia."

Mama yangu hakusema neno hilo hata siku moja. Nililitunga palepale, povu la sabuni mikononi.

Chileshe alitazama juu. Alitaka mtoto kuliko kitu chochote duniani.

"Siku ngapi?"

"Mpaka baruke."

Hivyo nikapata siku zangu. Sikujua nitazifanyia nini. Sikuwa na mtu wa kumpelekea shauri. Wazee walionivika shanga walikuwa Kasenga, na nusu yao walikwisha kufa. Nililinda kile kiota tu. Paka wa majirani nilimfukuza kwa makaa ya moto. Mvua ya upepo ilipokuja, nilisimama mlangoni na gunia nimeliinua kwa mikono miwili mpaka mabega yakafa ganzi. Kila asubuhi, king'ora cha zamu kikilia, Chileshe alitoka, akasimama chini ya kiota, akauliza, "Bado?" Nami nikajibu, "Bado." Hatukuwa na maneno mengine.

Walikuwa makinda watatu. Wiki ya kwanza walikuwa midomo mitupu. Wiki ya pili manyoya yalianza kuchomoza, na mimi nikaanza kuwachukia. Kila mdudu aliyeletwa na mama yao alikuwa ananisogeza karibu na lile lori. Siku moja nilishika kitambaa nikamfukuza mama asiwafikie, ili wasikue upesi. Alizunguka, akazunguka, mdudu mdomoni, na wale watatu wanapiga kelele juu ya kichwa changu. Nilistahimili muda wa kuchambua mboga. Kisha nikakaa chini, nikafunika uso kwa kitambaa kilekile, akapita.

Wiki ya tatu Honorine alikuja kupima dirisha, atashona pazia. Alikuwa msichana wa adabu. Alinisalimu, "Jambo, mama mgeni," akanipa pole kwa msiba wa dada yangu. Niliipokea pole ile. Miaka kumi na minane hakuna aliyenipa.

Siku ya ishirini na moja ya makinda ilikuwa Jumamosi, siku ya ukaguzi. Bwana wa kambi alipita nyumba kwa nyumba, Clovis nyuma yake na kitabu, na mtu wa usafi mwenye ufito mrefu. Wanaume wasio kwenye zamu walisimama mbele ya milango, wanawake nyuma yao. Kwetu Clovis alisoma bila kuinua macho: Chileshe, mgane, Nkandu, mgeni. Mgeni amebakiwa na siku mbili. Bwana akaitika kwa kichwa. Kisha akaona mavi ya ndege yaliyochirizika juu ya chokaa, akaonyesha kwa kidole, na mtu wa usafi akainua ufito.

Sikufikiri. Nilikipindua kinu changu, mchi ukaenda upande wake, nikapanda juu ya kitako cha kinu, nikaingiza mkono katika kiota kabla ya ufito. Walikuwa na joto. Mmoja aliruka mwenyewe, akaenda mpaka paa la jirani. Wawili niliwatia kifuani, ndani ya nguo. Ufito ukagonga ukuta, matope yakaniangukia machoni, na kinu kikaanza kuyumba chini yangu.

"Kalaba, shuka! Utaanguka!"

Alikuwa Chileshe. Mikono yake ilikuwa tayari imenishika miguu.

Bwana wa kambi alimgeukia Clovis, akachukua kitabu mikononi mwake, akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Kalaba ni nani?"

Chileshe aliniachia miguu. Ndipo Marceline akasema, mlangoni kwake, mbele ya mume wake:

"Ni huyu, bwana. Tangu zamani ni huyu."

Bwana alimwuliza Chileshe ni yupi aliyekufa, na kama amekufa, nani amekula posho yake miaka yote hii. Nilibaki juu ya kinu, wale wawili wakinikwaruza kifua. Ilikuwa kazi yake kusema sasa. Angeweza kusema alikufa, mbele yangu, kwa lugha ninayoisikia. Ofisini alisema. Hapa alitazama mahali kilipokuwa kiota.

"Ni bibi yangu," akasema.

Makinda niliwaweka ndani ya kikapu, nikakitundika palepale kwenye msumari. Mama yao alikuja kabla ya jua kuzama. Siku ya tatu waliruka wote wawili.

Honorine aliolewa na mtu wa reli, ana watoto watano. Marceline alipigwa kwa ajili yangu, na hilo sijui nitalilipaje. Mimi niko katika nyumba ileile, Chileshe yumo, anakula bukari ninayosonga. Ni miaka minane sasa, na tangu siku ile hajaniita jina lolote. Ananiita wewe.

Na jina langu la kuzaliwa liliandikwa mara moja tu katika maisha yangu, nalo liliandikwa la mgeni. Jumamosi ile Clovis alilikata kwa mstari mmoja, mbele yangu, kwa kalamu yenye wino mwekundu. Nilikuwa bado na matope machoni.