Simu Kubwa Niliyoikataa Kasongo

Kabla sijaanza nakuomba jambo moja tu: usiniambie nilikuwa na homa. Shemeji yangu alishaniambia hivyo, muuguzi akanipima, damu yangu haikuwa na kitu. Wala mimi si mtu wa kuona mambo. Nauza sabuni na chumvi. Njia ya Kasongo na Wamaza nimeipita miaka mingi, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki, na kibaya kuliko vyote nilichowahi kukutana nacho kilikuwa nyoka. Haya yalinipata mchana, saa tisa, mvua imetoka kukatika, nami nimekula nikashiba. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Yote yalianza kwa simu. Yangu ya zamani ilizimika na haikuwaka tena, na mimi nilikuwa siwezi kukaa bila simu hata siku mbili. Binti yangu Zaina alikuwa Wamaza kwa mume wake, mimba ya kwanza, mwezi wake umetimia. Hiyo ni sababu moja. Ya pili naona aibu kuisema, lakini bila hiyo hutaelewa. Mume wangu alizama katika mto Lualaba. Mtumbwi ulipinduka, wenzake wakatoka, yeye hakuonekana tena. Tulingoja mpaka tukachoka, mwishowe tukazika shati lake, la kijani lenye mistari, tukalililia kama mtu. Ila namba yangu aliijua kwa kichwa. Mtu ambaye hukuuona mwili wake, moyo unakudanganya kwamba yuko mahali na ipo siku atapiga. Kwa hiyo namba ile niliishikilia. Nilikuwa mjinga? Sawa. Wewe ungefanyaje?

Na Zaina mwenyewe tulikuwa hatusemezani. Alimfuata kijana wake Wamaza kabla hatujamaliza msiba wa baba yake, na mimi kwa hasira nilimwambia asiniite mama tena. Mtoto akatii. Tangu siku ile jina lake halikutokea kwenye simu yangu, na habari za mimba nilizipata kwa mama mkwe wake.

Basi nikaenda sokoni Kasongo. Mwenye butike akaniwekea simu mbili mezani, zote za kugusa, zote za WhatsApp. Moja kubwa, nyeusi, inang'aa mpaka nikayaona meno yangu, ina jeraha dogo kwenye pembe. Nyingine ya plastiki, ndogo, inaenea kiganjani. Kilichonishangaza ni kwamba ile kubwa aliishusha bei mpaka ikakaribia ile ndogo, na mimi sikuwa nimeomba.

"Twala hii, mama. Hii iko ya watu wakubwa. Foto yake ni kama mutu iko mbele yako."

"Batri inatokea wapi?"

"Haitokake. Iko ya kufungwa kabisa."

"Nani alikuuzia?"

"Mutu tu," akasema, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Mimi na kitu kisichofunguka hatupatani. Wamaza utachajia wapi kila jioni? Unampelekea mwenye sola na kungoja zamu. Ile ndogo inakaa siku mbili, na ikileta ukaidi naichomoa betri, naihesabia kumi, nairudisha. Rafiki yangu Mama Rehema, niliyekuwa naye, tunayecheza naye likelemba, yaani upatu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Likelemba yote tumekupa zamu yako, unanunua kadogo kama kipande cha sabuni!" Nikamwambia sabuni ndiyo inayonilisha.

Tulipokuwa tunatoka, ile kubwa ikaita pale mezani. Haikuwa na kadi ndani, tundu tupu nililiona kwa macho yangu. Mwenye butike akaigeuza kifudifudi na hakutuaga.

Kesho yake asubuhi nikapanda pikipiki ya Papa Saidi. Huyu ni dereva wa umri wangu, ana wajukuu, na kama ungemjua zamani ungejua sifa yake moja: alikuwa hanyamazi. Anaendesha anaimba, anasimulia, anasalimia watu mashambani kwa majina, anaimba tena. Mara nyingi nilimwambia atumezee kelele zake. Sasa neno hilo linaniuma.

Mvua ikatunyeshea, njia ikawa tope, na mlimani, bado mwendo mrefu kufika Wamaza, mnyororo ukakatika. Papa Saidi akarudi kwa miguu kijiji tulichokuwa tumekipita, kutafuta kipande cha kuungia. Mimi nikabaki na mizigo.

Pale juu kuna mti mkavu, watu wanauita mti wa rezo, kwa kuwa ndipo mtandao unaposhika. Wameufungia chupa ya plastiki iliyokatwa kichwa. Unaweka simu yako ndani ya chupa, unakaa, ujumbe unaingia. Kila apitaye anasimama pale. Mimi yangu nilikuwa nimeifunga kwenye ncha ya kitenge.

Sikumwona yule mwanaume akija. Niligeuka tu, nikamkuta amekaa upande wa pili wa mti. Amevaa koti la suti. Majani yote yanadondosha maji, mimi tope limenifika magotini, yeye viatu vinang'aa na koti kavu. Niamini, nilianza kumwogopa kwa sababu ya viatu.

"Mama Zaina," akasema kwa upole, "telefone yako iko inaita."

Nikatazama kwenye chupa. Simu kubwa, nyeusi. Jeraha lile lile kwenye pembe.

"Si yangu," nikasema.

"Iko yako. Uliiacha Kasongo. Nipe ile kadogo, utwae hii. Hakuna cha kuongeza."

Jina langu alilijuaje? Sijui. Simu ikaita tena, na kioo kikawaka chenyewe, na ndani yake alikuwa mume wangu.

Sikuambii alifanana naye. Nakuambia alikuwa yeye, na kovu la nyusi, na jino la dhahabu. Amevaa shati la kijani lenye mistari, limemganda mwilini kwa maji. Lile shati nililikunja mimi mwenyewe na kuliweka kaburini kwa mikono hii.

"Mama Zaina," akasema. "Ni miye. Itika."

Ulimi wangu ulishajiandaa. Nilitaka kusema, Mungu anajua nilivyotaka. Kilichonizuia si ushujaa, ni mazoea ya utoto. Tulipokwenda kuokota kuni, mama yangu alitufundisha: ukisikia jina lako porini na humwoni anayeita, usiitike. Kaa kimya mpaka mtu mwenyewe asimame mbele yako. Ukiitika umempa sauti yako, na hujui ni mkono gani umeipokea. Watoto wote wa kwetu tumekua na hilo. Kisha zikaja simu, tukasahau sote. Kitu kinaita, anayeita hatumwoni, namba hatuijui, nasi mbio mbio: alo! alo!

Nikafunga mdomo. Mume wangu akaita tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona baridi.

"Ongea naye," yule mwanaume akasema. "Neno moja tu. Yeye miaka miwili iko anangoja."

Hapo hapo ile ndogo ikaita kwenye ncha ya kitenge changu. Mlio wake mbaya, mkali, kama kifaranga amekanyagwa. Nikaifungua. Kwenye kioo chake kidogo kulikuwa na jina moja: Zaina.

Yule mwanaume akasimama. Upole wote ukamtoka.

"Ukimwacha huyu, hatapiga tena. Unasikia, mama? Hatapiga tena hata siku moja."

Nikamtazama mume wangu. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na hakuyapangusa. Nikalia. Halafu nikampa mgongo, nikapokea ile ndogo.

Hakuwa Zaina, alikuwa mama mkwe wake, anahema. "Mama, mutoto amekwama. Tangu usiku. Mukunga anafanya yote, na Zaina nguvu zimemwisha. Mama, kama iko na neno juu yake, ulitoe sasa. Nakuomba. Namwekea telefone kwa sikio."

Kwetu mimba ikikwama, mzazi mwenye kinyongo na binti yake lazima akitoe kwa mdomo wake mwenyewe, na binti amsikie. Hatumwi mtu. Na ukianza hukatizi, kwa kuwa maneno yaliyokatwa katikati yanafunga zaidi. Unaweza kuniambia huo ni ushamba, na mikono ya mkunga siidharau hata kidogo. Lakini Zaina ni mtoto wa kwetu, alijua kama ninavyojua mimi. Alikuwa amelala pale anangoja kusikia kama bado ana mama.

Sasa fikiri, kama ningekuwa nimeshaitika kule, ningemtolea kinyongo kwa sauti gani?

Nikaanza. Nikasema kwa Kibangubangu, lugha niliyomzalia. Nikamtaja kwa majina yake yote. Nikasema nilikukasirikia kwa ajili ya baba yako, nami nilikuwa namlilia baba yako kupitia kwako. Nikasema neno nililokutupia nimeliokota, nimelimeza, halipo tena. Nyuma yangu ile kubwa ilikuwa inaita, na kati ya mlio na mlio mume wangu ananiita kwa jina ambalo hakuna mwingine anayelijua. Nikapandisha sauti. Nikasema niite mama, Zaina, niite mpaka nichoke kuitika.

Nilikuwa bado sijafika mwisho nilipomwona Papa Saidi anapanda mlima, mnyororo begani, anaimba. Yule mwanaume hakuwepo tena. Simu ilikuwa kwenye chupa, inaita.

Nikampungia mkono Papa Saidi, hivi, kumzuia. Nikatikisa kichwa. Nikakodoa macho. Naye akapunga mkono kunijibu, akacheka.

"Mama, telefone yako iko inaita!"

Ningeweza kumpigia kelele. Neno moja, "Acha!", lingetosha. Lakini Zaina alikuwa kwenye sikio la pili, na maneno yalikuwa yamebaki machache. Nikageuza uso, nikayamaliza. Nikasema nenda, zaa, sina kitu nawe. Na papo hapo nilisikia sauti mbili kwa pamoja. Huku binti yangu, kwa mbali sana: "Mama." Kule Papa Saidi, ameshaitoa ile simu kwenye chupa, kwa furaha zake zote: "Alo?"

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Alisimama mkono ukiwa sikioni, mdomo wazi. Nilipomfikia, kiganjani hakuwa na kitu chochote. Chupa ilikuwa na maji ya mvua tu. Akaufunga mnyororo, akanipeleka Wamaza, na njia nzima hatukusikia ila injini.

Tulimkuta Zaina amelala, mtoto amefungwa kifuani pake. Mvulana. Tulimpa jina la babu yake.

Papa Saidi amepelekwa kwa waganga wa hospitali na wa maombi. Koo lake zima, ulimi mzima. Bado anaendesha, abiria wapya wanadhani ana maringo. Nimemweleza kila kitu, na kwamba nilimwona na nikachagua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono. Kunisamehe hakusema, wala angewezaje kusema? Sijui kama amenisamehe, na hilo ndilo linaloniamsha.

Mwezi uliopita sauti iliingia kwenye WhatsApp yangu kutoka namba nisiyoijua. Nikabonyeza. Alikuwa Papa Saidi anaimba, ule wimbo wake wa kupanda mlima, safi kabisa, na nyuma yake maji yanapita. Kisha akakatiza wimbo: "Alo? Mama Zaina? Alo?" Nilikimbia kwake na simu mkononi. Alikuwa uani anaosha pikipiki. Nikamsikilizisha. Alisikiliza sauti yake mwenyewe mara tatu, machozi yanamtoka, halafu akaifungua simu yangu nyuma kwa ukucha, akachomoa betri, akanirudishia vyote viwili.

Mume wangu naye, huyo niliyeambiwa hatapiga tena, anapiga. Namba yake ya zamani, jina lake na picha yake. Sijui kama ni yeye. Huenda ni yeye kweli, ana baridi, na mkewe anamwacha iite. Nachomoa betri, nahesabu kumi, nalia kidogo, nairudisha.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, nunua simu uipendayo, hiyo ni shauri lako. Ila ikiita na humjui anayeita, usitangulie kusema. Pokea, nyamaza, ngoja. Mtu mzima mwenye haja yake atasema tu. Lakini ukisikia kimya, ukisikia na huko wanangoja useme wewe kwanza, kata. Papa Saidi alisema neno moja tu.